Pijo la Marehemu Elinami

Mcheka kiraka haoni tundu.

Mliisikia methali hiyo juzi, mlipokuwa mkibomoa jiko la marehemu bibi yenu na kucheka jinsi alivyolishikiza kwa vijiti na kamba za mkonge. Mama yenu mdogo akaitamka, akaingia ndani, nyinyi mkabaki mkitazamana. Leo mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Haikutoka vitabuni, wala si ya wahenga wa zamani sana. Ilizaliwa huku huku kwetu Upareni, kwenye barabara ya kushuka Same, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Mjini Same palikuwa na fundi wa magari, jina lake Zefania Mrindoko. Alikuwa fundi mzuri, hilo tuliseme kwanza. Akisikiliza injini ikiunguruma aliweza kukuambia inaumwa wapi kabla hajainua boneti. Alikuwa na kasoro moja tu, na hata hiyo haikuwa yake peke yake, ilikuwa ya gereji nzima.

Desturi ya pale ilikuwa hii. Gari geni likiletwa, fundi hakushika spana kwanza. Aliita wenzake. Mrutu wa kuchomelea alivua miwani yake myeusi, wa matairi aliacha pampu, hata mwenye kuuza chai alisogea na birika lake. Walilizunguka gari, boneti ikafunguliwa, wakaanza kumsema fundi aliyeligusa kabla yao. Kila waya uliofungwa vibaya ulipata jina. Kila nati isiyo ya mahali pake ilichekwa. Jambo hilo waliliita mazishi. "Njooni tumzike fundi wa jana!" mmoja angepaza sauti, na kazi zote zingesimama.

Walikuwa na sababu yao. Mwenye gari akisikia aliyetangulia akichekwa hivyo, moyo wake hutulia. Hujiona sasa amefika kwa mafundi wenyewe.

Basi, siku moja lori la tangawizi lilishuka kutoka milimani likikokota Pijo kuukuu, rangi yake ya maziwa yaliyoganda. Mbele ya lori, kando ya dereva, alikuwa ameketi Mama Namkunda, mjane wa Mzee Elinami. Mzee Elinami alikuwa dereva wa chama cha ushirika kwa miaka mingi, na alipostaafu alilinunua Pijo hilo kwa mfanyabiashara mmoja, ambaye naye alilipata kwa mtu mwingine. Tangu afariki, gari lilikuwa limekaa bandani. Kuku walitagia kiti cha nyuma.

"Fundi," Mama Namkunda alimwambia Zefania, "binti yangu anaolewa. Marehemu baba yake alimwahidi kwamba siku hiyo atapelekwa kanisani na gari hili. Ahadi ameiacha mikononi mwangu. Nataka lishuke mlima, lifike kanisani, lirudi. Mengine si lazima."

"Mama, utalisahau," Zefania akajibu. "Litatoka hapa kama lilivyotoka kiwandani."

Kisha akaita wenzake.

Kweli, Pijo lile lilikuwa na mengi ya kuchekwa. Tangi la petroli lilikuwa limezibwa kwa sabuni ya mche, ikakauka ikawa kama jiwe. Mahali pa fyuzi palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Mpira wa rejeta ulikuwa umezungushiwa vipande vya tyubu ya baiskeli, safu juu ya safu, mpaka ukanenepa kama mguu wenye bandeji. Springi ya klachi ilikuwa ya kitanda.

"Huyu alikuwa anatengeneza gari au anahama nyumba?" Mrutu akauliza, na gereji ikaangua kicheko.

Mama Namkunda alikuwa amesimama nyuma yao, mkoba wake ameushika kwa mikono miwili. "Hiyo sabuni," alianza kusema.

"Mama, ni ya kufulia au ya kuogea?" Mrutu akadakia.

Wakacheka tena. Mama Namkunda naye akatabasamu, kama mgeni anavyotabasamu kwa watu wasio wake, halafu akaenda kukaa kwenye benchi la muuza chai.

Zefania alijilaza chini ya gari. Baada ya muda sauti yake ikasikika kutoka kule chini. "Jamani, njooni! Huyu sasa ni mwendawazimu! Kalikunja bomba la breki la gurudumu la nyuma, akaliponda kwa koleo, basi! Gari la magurudumu manne linafunga breki kwenye matatu!"

Wakainama wote kutazama. Kicheko cha hapo kilizidi vyote vilivyotangulia. Muuza chai alilazimika kuweka birika chini.

Zefania alifanya kazi yake kwa bidii. Alichomelea tangi, akaweka fyuzi za kweli, akatafuta mpira mpya wa rejeta. Lile bomba lililopondwa alilitupa, akatengeneza jipya la shaba, akalipinda vizuri likafuata fremu kama nyoka anayepita ukutani. Alikusudia pia kulifungua gurudumu lenyewe aone ndani, lakini dramu lilikuwa limeng'ang'ana kwa kutu. Akaligonga, akaligonga tena, akaogopa lisije likapasuka, maana kulipata lingine la gari la umri ule ni kazi. Basi akamimina mafuta ya breki, akatoa upepo, akakanyaga pedali. Ikawa ngumu kama jiwe. Akajiambia kwamba breki ngumu ni breki nzima.

Mama Namkunda alipokuja kuulizia maendeleo, alilizunguka gari taratibu. Alisimama karibu na gurudumu la nyuma, upande wa kushoto.

"Na gurudumu hili umelitazama?" aliuliza.

Mrutu alikuwa karibu. Zefania akamkonyeza, kisha akamgeukia yule mama kwa upole wa utani. "Mama, wewe tazama mambo ya keki. Gurudumu niachie mimi."

"Haya, baba," akasema Mama Namkunda.

Siku ya kuamkia harusi, Zefania alilipandisha gari mlimani yeye mwenyewe. Kupanda hakuhitaji breki. Injini ilivuta vizuri, na watu wa njiani, kwa kuijua sauti ile, walitoka kupunga mkono. Halafu walikumbuka kwamba Mzee Elinami hayupo, na mikono mingine ikashuka kabla haijafika juu. Zefania aliyaona hayo, lakini macho yake yalikuwa zaidi kwenye kipimo cha joto, ambacho hakikutikisika. Aliridhika na kazi yake.

Asubuhi wakaanza kushuka. Zefania kwenye usukani, Mama Namkunda kando yake. Nyuma aliketi Namkunda katika shela lake, na shangazi yake, Bi Nangasu, dada wa marehemu, mwanamke mwenye mwili na maneno.

"Fundi, endesha kama umebeba mayai," alisema Bi Nangasu. "Sisi ukoo wetu haujawahi kupeleka bibi harusi aliyevunjika."

"Shangazi, gari hili sasa ni jipya."

"Jipya! Mimi nalijua tangu lilipokuwa na meno yake yote."

Namkunda akacheka. Hata mama yake akacheka kidogo.

Kwenye mteremko wa kwanza pedali ilikuwa ngumu. Kwenye wa pili ikashuka kidogo. Zefania aliihisi kwenye unyayo kabla hajaielewa kichwani. Wakaingia mteremko mrefu, ule wenye ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Akakanyaga. Pedali ikazama mpaka sakafuni, laini, kama mtu aliyekanyaga unga.

Alivuta hendibreki. Gari lilisita kidogo, kisha likaendelea kushika kasi. Mbele kulikuwa na kona, na baada ya kona hakukuwa na kitu ila mteremko mwingine. Alifikiri juu ya wale wanawake watatu, na juu ya yule mmoja aliyevaa nguo nyeupe.

Mama Namkunda alitazama mguu wake, halafu akautazama uso wake.

"Imezama?" aliuliza.

"Imezama, mama."

"Usiikanyage tena. Weka gia namba mbili. Injini usizime."

Gia ilipiga kelele, ikaingia. Gari likapunguza mwendo, lakini si kwa kutosha.

"Ukimaliza kona kuna njia upande wa kulia," alisema Mama Namkunda. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwelekeza mgeni nyumba ya jirani. "Inapanda kwenye mashine ya kusaga ya akina Mbwambo. Imeota nyasi. Ipandishe humo."

Kwenye kiti cha nyuma Bi Nangasu alikuwa ameanza kusali kwa Kipare.

"Mama, siioni!"

"Baada ya mjohoro. Bado. Bado. Sasa, kata!"

Zefania akakata usukani. Pijo likayumba, likaacha barabara, likaingia kwenye nyasi, pua yake ikatazama juu. Lilipanda likichoka, likichoka, mpaka likasimama lenyewe. Kisha likataka kurudi nyuma.

"Jiwe!" alipiga kelele Zefania.

Aliyetangulia kushuka alikuwa bibi harusi. Alilikusanya shela lake kwa mkono mmoja, akaokota jiwe kwa mkono wa pili, akalisukuma nyuma ya gurudumu. Gari likatulia.

Ndege walikuwa wakilia kwenye mjohoro. Zefania alishuka, akaenda kuchungulia nyuma. Upande wa ndani wa gurudumu la kushoto ulikuwa umelowa mafuta ya breki, yakidondoka juu ya nyasi. Akachutama pale pale.

"Mama," alisema bila kugeuka, "njia hii umeijuaje?"

"Ndiyo aliyoipanda Baba Namkunda siku breki zilipozama."

"Zilizama hapa?"

"Hapa hapa. Tulikuwa tunashuka kwenda gulioni. Alilifungua gurudumu hilo hapo ulipochutama. Akakuta mwenye gari wa kabla yetu ameweka ndani mpira aliokata kwenye kandambili. Mpira wa namna hiyo unashika siku chache, halafu mafuta yanaulegeza. Spea akaitafuta Same hakuipata, Moshi hakuipata. Kabla ya hapo ilibidi tufike nyumbani. Akalikunja bomba, akaliponda kwa koleo. Mimi ndiye niliyelishika."

Yale maneno aliyoyasema akiwa chini ya gari yalimrudia Zefania moja moja.

"Kumbe ni mzee mwenyewe," akasema.

"Ni yeye."

"Na mimi nikamwita mwendawazimu mbele yako."

"Ulimwita."

"Mama, mbona hukuniambia?"

Mama Namkunda alikuwa akimpangusa binti yake vumbi begani. Hakuacha. "Nilianza kukuambia, mkacheka. Mtu hawezi kumtaja marehemu wake katikati ya kicheko, baba. Nikasema, huyu ni fundi, bomba ameliona, atalifungua gurudumu aione sababu yake. Nilipopata wasiwasi nilikuuliza. Ukaniambia nitazame keki."

Bi Nangasu naye alikuwa ameshuka, ameegemea mlango, anajipepea kwa leso. "Nimesikia huko kwenu mnaita mazishi," alisema. "Huyo mliyekuwa mkimzika ni kaka yangu. Sisi tulikwisha kumzika, fundi. Hatukuomba msaada."

Zefania aliinamisha kichwa.

Bi Nangasu akamtazama, akaona yametosha. "Basi, mwanangu. Mcheka kiraka haoni tundu. Inuka, watu wanangoja kanisani."

Zefania akainuka. Alifungua buti, akatoa koleo na kopo la mafuta ya breki yaliyobaki. Akarudi chini ya gari alikochekea, safari hii akiwa na shati lake la harusi. Mama Namkunda alipiga kitenge chake fundo, akachutama, akaingiza mkono, akalishika bomba. Hakuambiwa alishike wapi. Na Zefania akalikunja lile bomba la shaba alilolipinda kwa ufundi wake wote, akaliponda, akalikunja tena, akaliponda.

Ilibaki kutoa upepo kwenye magurudumu mengine, na hilo linahitaji mtu wa kukanyaga pedali.

"Msinitazame mimi," alisema Bi Nangasu. "Mguu huu ukiingia hapo hautoki."

Namkunda akavua viatu vyake vyeupe, akaketi kwenye usukani, shela lote amelilundika mapajani.

"Kanyaga!" alisema Zefania kutoka chini. "Shikilia! Achia. Kanyaga tena!"

"Mume wako akiuliza mguu una nini," alisema shangazi yake, "mwambie ulikuwa unamkanyaga shetani."

Walipomaliza, pedali ilikuwa imepanda. Zefania aliikanyaga mara nyingi, akaenda kutazama kila gurudumu, akarudi akaikanyaga tena. Kisha akamgeukia Mama Namkunda.

"Kuna kingine ninachopaswa kukijua?" aliuliza.

"Litavuta kulia ukifunga breki. Yeye alikuwa anaushikilia usukani kushoto kidogo, mapema, kabla halijavuta."

Wakashuka hivyo, polepole, fundi akiushikilia usukani kama alivyoushikilia marehemu. Walichelewa. Kwaya ilikuwa imemaliza nyimbo zake zote na kuanza upya. Bwana harusi alikuwa ametoka kanisani akasimama barabarani, viatu vyake vimejaa vumbi, na alipoliona Pijo likija alikimbia kulilaki kama mtoto. Namkunda aliolewa siku hiyo, na soksi yake ya mguu wa kulia ilikuwa nyeusi.

Baada ya harusi gari lilirudi gereji. Zefania alililowesha lile dramu kwa mafuta ya taa, akawa na subira nalo mpaka likakubali kutoka. Ndani yake alikuta kipande cha mpira wa buluu, kimevimba, kimepasuka, na upande mmoja bado kina michirizi ya kandambili.

Mrutu alichungulia begani kwake. Mdomo ulishaanza kumpanuka. "Jamani, njooni tum..."

"Mcheka kiraka haoni tundu," Zefania akamkata. "Huyu aliyevua ndala yake akaikata, wewe unajua alikuwa wapi? Unajua alikuwa amembeba nani? Huenda alitembea peku kufika kwake."

Mrutu akafunga mdomo. Msidhani mafundi wa Same waliacha kucheka siku hiyo, fundi hawezi kuacha. Lakini tangu hapo, gari geni likija, Zefania alimwendea mwenye gari kwanza, akamwuliza: hiki kilifungwaje, na ilikuwa safari gani? Wengine wakaanza kumwiga. Mazishi yakapungua, kisha yakasahaulika.

Spea ya gurudumu ilikuja kwa basi kutoka Nairobi. Zefania akaifunga, akaondoa bomba alilolikunja, akaweka jingine. Sasa breki zilikuwa nne za kweli. Siku ya kulirudisha gari alilipandisha mlimani, akamkuta Mama Namkunda uani akichambua maharage.

"Gari limekamilika, mama," alisema. "Limebaki jambo moja, nalo sikutaka kuligusa kabla sijakuuliza. Kiti chako cha mbele kimekaa upande. Nimechungulia chini nikaona kuna kipande cha mti kimepigiliwa misumari. Ni cha nini?"

Mama Namkunda aliacha maharage. Alilitazama gari, mpaka Zefania akadhani amekosea tena.

"Hicho ni changu," alisema. "Mimi ni mfupi. Nilipokuwa nikipanda gari hilo nilikuwa naona dashibodi tu. Nikamlalamikia kwamba nasafiri kila siku na siijui njia. Akachonga mti, akanipandishia kiti. Akasema, sasa tazama barabara pamoja nami, nikisahau unikumbushe."

Akacheka, na machozi yakamtoka huku anacheka, naye hakuyafuta. Akavuta kigoda kingine, akamwonyesha Zefania aketi. Tangu matanga yaanuliwe, watu walikuwa wamempa pole nyingi, lakini hakuna aliyekuwa amemwuliza habari za mumewe. Siku hiyo alizisimulia mpaka maharage yakasahaulika ungoni, na fundi alisikiliza hadi mwisho.

Kile kipande cha mti hakikuondolewa. Kiti kilibaki kimekaa upande.

Ndiyo maana, wajukuu zangu, mama yenu mdogo hakuwagombeza juzi. Alisema maneno manne tu, akaingia ndani. Mcheka kiraka haoni tundu.